Macho ya Shahidi na Alama ya Damu

Kusikia si kuona, husema wazee wetu. Ndiyo maana tangu zamani watu wakipelekana barazani, mwamuzi huuliza kwanza: "Nani aliona?" Aliyesikia tu maneno ya wengine huwekwa kando, aliyeona kwa macho yake huitwa mbele na kusikilizwa. Sheria ya Musa haikukubali mtu ahukumiwe kwa neno la shahidi mmoja. Ilitaka wawili au watatu. Tribinali za Ulaya nazo, kwa karne nyingi, ziliuona ushuhuda wa macho kuwa nguzo ya kesi.

Kwa nini wawili au watatu? Kwa sababu watu waliogopa uwongo. Mwongo mmoja aweza kupatikana kwa urahisi. Kuwapata waongo watatu wanaopatana ni kazi zaidi. Hofu hiyo ilikuwa ya haki. Lakini iko hatari nyingine, nayo waamuzi walichelewa sana kuitambua. Ni hatari ya shahidi asiyesema uwongo hata kidogo, anayeapa kwa moyo safi, na hata hivyo asemayo si kweli. Mashahidi watano, hata kumi, wa namna hiyo waweza kumtia gerezani mtu asiye na kosa. Wasomaji wapenzi, tutazame jinsi kosa hilo lilivyojulikana kidogo kidogo, na jinsi uchunguzi wa damu ulivyokuja kulithibitisha.

1. Mtu aliyefananishwa na tapeli

Tarehe 16 Desemba 1895, mjini London, mtu mmoja wa Norway, jina lake Adolf Beck, alikuwa katika barabara ya Victoria Street. Mara mwanamke mmoja akamkabili, akamshitaki kwamba ndiye aliyemwibia saa zake na pete zake. Beck akashangaa, akakana, akaita polisi mwenyewe. Kumbe aliyekamatwa ni yeye.

Siku zile palikuwa na tapeli mjini London. Alijiita mtu wa ukoo mkubwa, akawaahidi wanawake kazi nzuri nyumbani kwake, akawapa sheki wakanunue nguo mpya. Kisha aliwaomba pete zao, eti apate kipimo cha kidole ili awaletee nyingine za thamani zaidi. Walipofika benki, waliambiwa sheki hazina kitu. Pete nazo hawakuziona tena.

Polisi wakawaita wanawake wengine walioibiwa hivyo. Mmoja baada ya mwingine, kama kumi hivi, walimwonyesha Beck kwa kidole: ndiye. Mtaalamu wa mwandiko akasema kwamba barua za tapeli ziliandikwa na Beck kwa mkono uliobadilishwa. Askari polisi wa zamani akaapa kwamba Beck ni yule yule "John Smith" aliyefungwa kwa wizi wa namna hiyo mwaka 1877. Beck alikuwa na jibu: mwaka ule wa 1877 alikuwa mbali, katika nchi ya Peru, na wako watu waliojua habari hiyo. Lakini juji hakukubali mambo ya mwaka 1877 yazungumzwe katika kesi. Basi mwezi wa Machi 1896 Beck alihukumiwa miaka 7 ya gereza na kazi ngumu.

Mwaka 1898 wakubwa wa serikali walifungua maandishi ya gereza, wakaona kwamba Smith wa zamani alikuwa ametahiriwa. Beck hakutahiriwa. Hapo mwili wenyewe ulishuhudia kwamba hawa ni watu wawili. Walifanya nini? Walimwondolea Beck ile namba ya gereza ya Smith, wakamwacha gerezani aendelee na kifungo chake! Alitoka mwaka 1901.

Taabu yake haikuishia hapo. Mwaka 1904 wizi ule ulianza tena, na Beck akakamatwa tena. Wanawake watano wengine wakamwonyesha. Mwezi wa Juni akaonekana tena kuwa mwenye kosa. Lakini juji wa safari hii alikuwa na mashaka moyoni, akaahirisha kutamka adhabu. Siku chache baadaye, Beck akiwa bado ndani, mtu mwingine alikamatwa London akijaribu kuweka rehani pete za wanawake. Huyo ndiye aliyekuwa tapeli tangu mwanzo. Jina lake la kweli lilikuwa Wilhelm Meyer. Alikiri makosa. Beck akafunguliwa, na serikali ikamlipa pauni 5,000. Akafa mwaka 1909.

Fikirini sasa juu ya wanawake wale. Hawakuwa waongo, wala hawakupewa rushwa. Waliibiwa kweli, nao walikaa na mwizi mchana, wakazungumza naye uso kwa uso. Kila mmoja alisema alichoamini. Wote walikosea. Tena wingi wao ndio uliomwangamiza Beck, kwa maana nani angethubutu kusema kwamba wanawake kumi wamekosea pamoja?

Habari hiyo iliwashtua Waingereza. Mpaka siku hizo mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa hakuwa na tribinali ya juu ambako angeweza kupeleka kesi yake ichunguzwe upya. Mwaka 1907 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kuweka tribinali hiyo.

2. Jaribio la Berlin

Karibu na wakati ule ule, wataalamu wa Ujerumani walianza kujiuliza: Je, shahidi mwaminifu aona nini hasa, na akumbuka nini? Mwalimu wa sheria mjini Berlin, Profesa Franz von Liszt, alifanya jaribio darasani mwake. Wanafunzi wawili waligombana kwa maneno makali, mmoja akatoa bastola, profesa akaingia kati, bastola ikalia. Wengine wote walishikwa na hofu. Halafu wakaambiwa kwamba ugomvi ule ulipangwa tangu mbele, kila neno na kila tendo, wakaombwa kuandika waliyoyaona.

Waliojibu walikuwa watu wenye elimu, tena watu wa sheria. Aliyekosea kidogo kuliko wote alikosea sehemu 26 kwa mia. Aliyekosea zaidi alifika sehemu 80 kwa mia. Wengine waliandika maneno yasiyotamkwa na mtu; wengine walisahau mambo makubwa yaliyotendeka mbele ya pua zao. Mambo yalikuwa mabaya zaidi katika sehemu ya mwisho, pale hofu ilipopanda.

Habari hizo ziliandikwa vitabuni, lakini tribinali hazikuzijali sana. Majuji walisema kwamba darasa si maisha. Nani angeweza kuwaonyesha kwa hakika kwamba katika kesi za kweli mashahidi hukosea vilevile? Kesi kama ya Beck, ambamo mwizi wa kweli alijitokeza, ni chache. Nyingine zote zilibaki gizani, kwa maana aliyefungwa alikuwa na neno lake tu.

3. Alama iliyomo mwilini

Miaka 80 ikapita. Mwezi wa Septemba 1984, katika Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, mtaalamu Alec Jeffreys alikuwa akichunguza jinsi watoto wanavyorithi tabia za mwili kwa wazazi wao. Aliona katika picha yake mistari mingi, kama vidato vya ngazi. Mistari ya kila mtu ilikuwa namna yake. Akatambua mara moja kwamba mistari hiyo yaweza kumtambulisha mtu kuliko sura na kuliko mwandiko.

Tueleze kidogo. Mwili wetu umejengwa kwa vipande vidogo sana viitwavyo seli. Ndani ya seli mna kitu kama uzi uliosokotwa, usioonekana kwa macho. Waingereza wauita DNA, na sisi tuliosoma Kifaransa twazoea kuuita ADN. Nusu yake mtu huipata kwa baba, nusu kwa mama. Sehemu kubwa ya uzi huo yafanana kwa watu wote, lakini ziko sehemu zinazotofautiana sana kutoka mtu hata mtu. Ila pacha waliotoka katika yai moja huwa nao sawa. Damu, mate, nywele yenye mzizi, hata jasho lililobaki kwenye nguo, vyaweza kuwa na uzi huo. Mtu aliyetenda kosa aweza kuficha uso. Ni vigumu sana asiache hata tone moja la mwili wake.

Karibu na mji wa Leicester wasichana wawili, kila mmoja wa miaka 15, walikuwa wameuawa, mmoja mwaka 1983 na mmoja mwaka 1986. Kijana wa miaka 17 alikamatwa, naye akakiri kosa la pili. Polisi wakamwomba Jeffreys ahakikishe kwamba kijana huyo aliwaua wote wawili. Jibu liliwashangaza: aliyewaua ni mtu mmoja kweli, lakini si huyu. Hivi, katika kesi ya kwanza ya uuaji, alama ya damu ilimwokoa asiye na kosa kabla ya kumnasa mwenye kosa.

Mwaka 1987 polisi wakaomba damu au mate kwa wanaume wa vijiji vya pale, watu elfu tano hivi. Mwuaji hakupatikana. Kwa nini? Mtu mmoja, Colin Pitchfork, alikuwa amemwomba mwenzake wa kazi aende kutoa damu kwa jina lake. Baadaye huyo mwenzake akalisimulia jambo hilo katika baa. Mtu akasikia, akawaambia polisi. Pitchfork alikamatwa, damu yake ikapatana, akafungwa maisha mwezi wa Januari 1988. Tuone hapo: bila damu asingethibitishwa, na bila maneno ya mtu aliyesikia asingekamatwa.

4. Mashahidi watano na mvuvi mmoja

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Maryland. Mwezi wa Julai 1984 msichana wa miaka 9 aliuawa msituni karibu na mji wa Baltimore. Wavulana wawili walikuwa wamemwona pamoja na mtu mgeni. Walisema alikuwa mrefu sana, mwembamba, mwenye nywele za dhahabu zilizojipinda. Polisi wakachora picha kwa maelezo yao, ikatangazwa. Mtu asiyejitaja akapiga simu, akasema picha hiyo yafanana na Kirk Bloodsworth.

Bloodsworth alikuwa mvuvi, zamani askari, hajafungwa hata siku moja. Hakuwa mwembamba, na nywele zake zilikuwa nyekundu. Lakini mashahidi watano wakaapa kwamba walimwona pamoja na mtoto, au karibu na mahali pale siku ile. Baadhi yao walikuwa wamekwisha kuiona sura yake katika televisheni baada ya kukamatwa. Mwezi wa Machi 1985 alihukumiwa kufa. Tribinali ya juu ilivunja hukumu hiyo mwaka 1986, kwa kuwa upande wa serikali ulificha habari za mtu mwingine aliyeshukiwa. Akahukumiwa tena mwaka 1987, akapewa kifungo cha maisha mara mbili.

Gerezani alisoma vitabu vingi. Siku moja akapata kitabu kilichosimulia ile kesi ya Leicester. Akafikiri: kama alama ya damu yaweza kumkamata mwuaji, basi yaweza pia kumfungua asiyeua. Akamwomba avoka wake aipeleke nguo ya mtoto ichunguzwe. Mwaka 1993 jibu likaja: alama si yake. Tarehe 28 Juni 1993 akatoka, baada ya miaka karibu 9. Mama yake, aliyekuwa hakuacha kumwamini, alikuwa amekwisha kufa miezi michache mbele.

Hata hivyo watu wengine waliendelea kunong'ona kwamba labda ndiye. Mwaka 2003 alama ya nguo ile ililinganishwa na alama za wafungwa zilizowekwa na serikali, ikapatana na mtu aliyekuwa amefungwa kwa kosa lingine. Mtu huyo alikuwa amekaa gereza moja na Bloodsworth, nao walijuana! Mwaka 2004 alikiri. Mwaka 2013 Maryland iliondoa adhabu ya kufa, na Bloodsworth alikuwa mmoja wa waliopigania jambo hilo.

5. Aliyejilazimisha kuikariri sura

Twaweza kusema: Wale mashahidi watano walimwona mgeni kwa dakika chache, bila kujua kwamba ni mwuaji. Je, mtu aliyeteswa mwenyewe, aliyemtazama adui yake kwa karibu, naye aweza kukosea?

Mwezi ule ule wa Julai 1984, katika jimbo la North Carolina, mwanafunzi Jennifer Thompson alivamiwa usiku nyumbani kwake na mtu aliyemtendea kwa nguvu. Katika mateso yake alijilazimisha kuitazama sura ya mtu huyo na kuikariri, ili akipona aweze kumshitaki. Polisi walimwonyesha picha kadhaa. Akachagua ya Ronald Cotton. Baadaye wakampangia watu mstarini. Akamchagua Cotton tena. Cotton peke yake ndiye aliyekuwamo katika picha na katika mstari. Halafu akaambiwa kwamba amechagua mtu yule yule. Mashaka kidogo aliyokuwa nayo yakaisha. Mwaka 1985 Cotton akafungwa maisha.

Gerezani Cotton alikutana na mtu aliyefanana naye, Bobby Poole, ambaye ilisemekana alijivunia kwamba kosa lile ni lake. Mwaka 1987 kesi ilisikilizwa tena, na Poole akaletwa mbele ya Thompson. Akaulizwa kama amjua. Akajibu kwamba hajamwona maisha yake yote. Cotton akarudishwa gerezani. Mwaka 1995 uchunguzi wa DNA ulionyesha kwamba mkosaji ni Poole. Cotton alikuwa amekaa ndani zaidi ya miaka 10.

Thompson aliomba kuonana na Cotton, akamwomba msamaha, naye akamsamehe. Mwaka 2009 walitoa kitabu pamoja, na wamekwenda huku na huku wakiwaeleza watu jambo lililowapata.

Kesi hizo si mbili wala tatu. Katika Marekani, tangu mwaka 1989 hadi 2020, zaidi ya watu 370 waliofungwa wameonekana kwa DNA kwamba hawakutenda kosa. Karibu 7 katika kila 10 walikuwa wameonyeshwa kwa kidole na shahidi aliyekosea. Hivyo swali la Berlin likapata jibu lake.

6. Kwa nini jicho hukosea?

Wengi hufikiri kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa sandukuni: ukifungua sanduku, waikuta ilivyokuwa. Sivyo. Kumbukumbu ni kama nyumba ya udongo, ambayo kila msimu hupakwa udongo mpya. Kila mara tusimuliapo jambo, twalijenga tena, na maneno ya wengine huingia ndani yake bila sisi kujua.

Mwaka 1974 bibi Elizabeth Loftus na mwenzake, katika Marekani, waliwaonyesha wanafunzi sinema ya magari yaliyogongana. Wengine waliulizwa magari yalikwenda kwa mwendo gani yalipo"gongana". Wengine waliulizwa yalipo"pondana". Baada ya juma moja wote waliulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika sinema hapakuwa na kioo kilichovunjika. Hata hivyo, katika wale 50 waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Katika wale 50 wengine, 7 tu. Neno moja la mwulizaji lilitosha.

Hofu nayo yafanya kazi yake: aliyetishwa kwa kisu hukumbuka kisu kuliko uso. Usiku, umbali, na ugeni wa sura huongeza kosa. Na polisi akisema, "Vema, umemchagua yule tuliyemshuku," shahidi aliyekuwa na mashaka huondoka na hakika. Mbele ya juji atasema kwa sauti imara, na watu watamwamini kwa ajili ya sauti hiyo.

7. Damu nayo yahitaji kuulizwa

Je, basi tuwaache mashahidi, tuifuate damu peke yake? Haifai. Sikilizeni jambo la Heilbronn, Ujerumani. Mwaka 2007 askari polisi mwanamke aliuawa pale. Alama ya mwanamke asiyejulikana ikaonekana, na alama ile ile ilikuwa imepatikana mahali pengi pa makosa: uuaji, wizi wa nyumba, wizi wa magari, katika Ujerumani, Austria na Ufaransa. Jumla mahali kama 40! Polisi walimtafuta "mwanamke asiye na sura" kwa miaka, wakaahidi zawadi ya euro 300,000. Mwaka 2009 ukweli ukajulikana. Alama ilikuwa ya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba ambavyo polisi walitumia kuchukulia alama. Hapakuwa na mwuaji wa namna hiyo hata kidogo.

Na katika California, mwishoni mwa mwaka 2012, mtu alishitakiwa uuaji kwa sababu alama yake ilionekana katika kucha za marehemu. Lakini usiku ule alikuwa hospitali, amelewa, kitandani. Wauguzi wa gari la wagonjwa waliomchukua ndio waliokwenda baadaye kwa marehemu, wakaibeba alama yake katika chombo chao. Alikaa gerezani zaidi ya miezi mitano kabla ya kufunguliwa.

DNA yajibu swali moja tu: kitu hiki kimetoka mwilini mwa nani? Haisemi kilifikaje pale, wala lini, wala kwa kosa au bila kosa. Hayo lazima watu wayaeleze. Tena katika kesi nyingi hapana damu wala mate. Mtu aliyenyang'anywa mfuko sokoni, aliyesikia tusi, aliyeshuhudia mapatano ya shamba, ana macho na masikio tu.

8. Yatupasayo

Nchi nyingine zimekwisha kupata akili. Tangu mwaka 1976, kwa amri ya tribinali ya juu, majuji wa Uingereza hupaswa kuwaonya wale raia 12 wanaokata neno, kwamba shahidi mwaminifu aweza kukosea, hata wakiwa mashahidi wengi. Mahali pengine polisi anayepanga watu mstarini haruhusiwi kumjua mshukiwa ni nani, asije akamwonyesha shahidi kwa jicho au kwa kikohozi. Shahidi huambiwa kwamba labda mkosaji hayumo kabisa. Maneno yake ya kwanza huandikwa pale pale, pamoja na mashaka yake. Mambo hayo hayahitaji chombo cha thamani. Yahitaji kalamu, karatasi na subira.

Usiandikie mate na wino ungalipo, husema methali. Palipo na alama ya damu, iliyochukuliwa vizuri na kutunzwa vizuri, mwamuzi asiiache akashika neno la jicho peke yake. Lakini katika vijiji na miji yetu kesi nyingi zaamuliwa bado kwa maneno ya mashahidi, na shahidi huyo kesho aweza kuwa mimi au wewe. Basi tukiitwa, tuseme tuliyoyaona. Tusiongeze yale tuliyoyasikia njiani wala yale ambayo mwulizaji apenda kusikia. Na palipo na mashaka, tuseme wazi mbele ya wote: sina hakika. Laiti mmoja tu wa wale wanawake wa London angalisema hivyo, labda wengine nao wangaliangalia mara ya pili.